Uso wa staa, kichupa cha seramu na mafuta ya alizeti ya mama wa Sirari

Kuna staa mmoja wa kike hapa Bongo, jina kapuni, umri umeshavuka 40 lakini usoni utadhani ndo kwanza kamaliza chuo. Kila akiposti picha, komenti ni zilezile: "Dada, unatumia nini?" Na jibu lake ni lilelile: kichupa cha seramu ya vitamini C na namba ya kuagizia. Mzigo unasafiri mpaka Sirari, kule Tarime mpakani na Kenya, ambako mama mchuuzi wa ndizi anajibana wiki mbili ili naye akipate.

Staa hana kosa kuuza, kila mtu na riziki yake. Vitamini C nayo si uongo. Tatizo ni kwamba mama anauziwa nusu ya habari kwa bei nzima.

Habari yenyewe iko hivi. Jua likipiga ngozi, ndani yake huzaliwa chembe korofi ziitwazo radikali huru. Zinashambulia mafuta ya asili ya ngozi na kolajeni, zile nyuzi zinazoifanya ngozi ikaze. Mwaka baada ya mwaka, mikunjo na madoa yanaingia. Antioksidanti, kama vitamini C na E, kazi yake ni kuzituliza hizo chembe kabla hazijaharibu. Mfano uko jikoni: kata parachichi uliache wazi, linageuka kahawia. Likamulie ndimu, linachelewa. Hiyo ndiyo kazi ya vitamini C.

Ila vitamini C hiyohiyo inaharibiwa na mwanga, joto na hewa. Seramu iliyomo kwenye chupa nyeupe, imesafiri kwenye basi, halafu ikakaa juu ya meza juani, ikishageuka rangi kama chai ujue nguvu imekwisha. Mama kanunua maji ya bei mbaya. Na wale wanaosema "basi jipake ndimu tu", hapana jamani! Maji ya ndimu yakikutana na jua yanaunguza ngozi na kuacha alama nyeusi za muda mrefu.

Sasa twende kwenye kitu ambacho staa haposti: mafuta ya mimea. Mwanamke akizeeka, hasa hedhi ikishakoma, ngozi inapunguza kutoa mafuta yake, inakauka na kuwasha. Mafuta ya alizeti, haya yanayokamuliwa Singida na Dodoma, yana vitamini E na asidi ya linoleiki, ambayo ngozi inaitumia kujenga ukuta wake wa nje unaozuia maji yasipotee. Utafiti uliofanyika Bangladesh na kuchapishwa 2005 ulionyesha kwamba watoto njiti waliopakwa mafuta ya alizeti walipata maambukizi machache ya hospitalini. Kama yanasaidia ngozi laini kiasi hicho, ngozi ya mama wa miaka 55 haiwezi kuyadharau.

Namna ya kuyatumia haina siri. Ukitoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, paka kidogo. Yakinuka kuchacha, achana nayo. Mafuta ya nazi nayo mazuri mwilini, lakini mwenye chunusi asiyaweke usoni, yanaziba.

Hata hivyo, si alizeti wala seramu inayoweza kusimama badala ya kivuli. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Sirari iko juu zaidi, tena karibu kabisa na Ikweta. Ubaridi wa asubuhi unadanganya watu, jua liko palepale. Kanga kichwani, kofia pana na mwamvuli juu ya meza ya biashara vinafanya kazi kubwa kuliko kichupa chochote.

Kinachouma zaidi ni hiki: mama akishaona seramu haimpi uso wa staa, hatua inayofuata mara nyingi ni mkorogo. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku Tanzania na Kenya pia, na tangu 2019 TBS ndiyo inayosimamia vipodozi nchini. Lakini mpaka ni mpaka, Isebania ni hatua chache tu. Mkorogo unaondoa melanini, ambayo ndiyo ngao ya kwanza ya mtu mweusi dhidi ya jua. Ukiwa na steroidi ndani, unaifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi. Yaani mama anatafuta ujana, analipia uzee. Uso unang'aa miezi michache, vifundo vya vidole vinabaki vyeusi, halafu madoa yanakuja kwa kasi.

Staa mwenye mashabiki wengi namna ile angeweza kuokoa ngozi nyingi kwa posti moja tu: aseme kwamba picha ina taa na filta, kwamba hakai juani kutwa, na kwamba mchicha, viazi vya njano na alizeti vina sehemu yao. Biashara yake haitakufa. Mama wa Sirari naye atabaki na hela ya ada ya mtoto.

Wadau mnasemaje, mastaa wawajibike au kila mtu na uso wake?