Mlinzi Naye Atajwe

Mimi kama mwanaisimu husikiliza matangazo ya kandanda kwa makini, nami hukereka: mfungaji huimbwa kwa jina, ilhali mlinzi hutajwa akikosea. Hebu tumtazame Christie Rampone, beki wa Marekani. Alicheza mechi 311 za kimataifa, akafunga mabao 4 tu. Hata hivyo alitwaa Kombe la Dunia 1999 na 2015, na dhahabu ya Olimpiki 2004, 2008 na 2012. Katikati ya ufanisi huo alizaa mabinti wawili, 2005 na 2010, na kila mara akarejea uwanjani. Hapa kwetu Kenya, sera ya mwaka 1994 ilimruhusu msichana aliyejifungua kurudi darasani. Walimu wa michezo, mbona jezi yake mmeshampa mwingine?