Muuza Mboga wa Venice

Chuoni nilifundishwa kwamba Venice, katika novela ya Thomas Mann ya mwaka 1912, ni ishara ya kifo. Nikaandika hivyo daftarini, nikaandika hivyo kwenye mtihani, nikapata alama nzuri. Leo nasema jibu lile lilikuwa la uvivu, na uvivu wenyewe una madhara.

Tukumbuke kisa. Gustav von Aschenbach, mwandishi Mjerumani mwenye heshima zake, anakwenda Venice kupumzika. Anamwona Tadzio, mvulana wa Kipolandi, akili zinamruka. Kipindupindu kinaingia mjini. Wakuu wa mji wananyamaza ili watalii wasikimbie. Karani Mwingereza wa ofisi ya safari ndiye anayemweleza ukweli. Aschenbach anawaza kumwonya mama yake Tadzio, kisha anafunga mdomo, maana akimwonya, mvulana ataondoka.

Sasa niambieni, mji una kosa gani hapo? Wakubwa walinyamaza kwa ajili ya fedha. Yeye alinyamaza kwa ajili ya tamaa. Huo ni uamuzi wa mtu. Tukisema "Venice ni kifo", tunamfutia mashtaka na kuyabandika kwenye mifereji ya maji.

Kuna linaloniuma zaidi. Mann anatutajia maiti mbili za mwanzo: kibarua wa mashua na mwanamke muuza mboga. Hawana majina, wanapita katika sentensi moja. Sijawahi kukutana na swali la mtihani linalowahusu. Kwa yule mama, Venice haikuwa ishara ya chochote. Ilikuwa mahali pa kuuzia mboga.

Mtasema naingiza siasa kwenye fasihi. Sawa. Mwaka 1975 Chinua Achebe alimshutumu Joseph Conrad kwa kuifanya Afrika jukwaa tupu la Mzungu mmoja kurukwa na akili. Sisi tunampigia Achebe makofi mpaka leo. Basi tusiwe wanafiki: tusichokubali kifanyiwe mto Congo, tusikifanye kwa Venice kwa sababu tu ni ya Ulaya.

Simtupi Mann. Yeye ndiye aliyemweka muuza mboga pale; sisi ndio tuliomruka. Ninachotupa ni muhtasari wa darasani. Ukikisoma tena kitabu hicho, ukifika kwenye sentensi ya yule mama, simama kidogo. Mhesabu na yeye.