Banana: tusijenge bandari ya jana

Tangu Rais Félix Tshisekedi aweke jiwe la msingi la bandari ya Banana mwezi wa kwanza 2022, watu wanazungumza zaidi juu ya kontena na forodha. Ni haki yao: nchi kubwa kama yetu haiwezi kutegemea milele bandari za majirani. Lakini kuna swali lingine: meli zitakazofika Banana zitajaza mafuta gani?

Meli nyingi bado zinachoma mafuta mazito yenye moshi mchafu. Mwaka 2023, nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) zilikubaliana kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 5 ya nishati ya meli itoke kwenye vyanzo safi, na uchafuzi uishe karibu na 2050. Kweli, mwezi wa kumi 2025 kura ya kuzilazimisha meli kulipia uchafuzi iliahirishwa kwa mwaka mmoja. Hata hivyo, meli za methanoli zimekwisha kuanza safari.

Mafuta mapya yanahitaji umeme mwingi. Umeme unatenganisha maji ili kupata haidrojeni. Haidrojeni ikiunganishwa na naitrojeni ya hewani, inapatikana amonia. Namibia inatafuta soko hilo kwa jua na upepo. Sisi, katika jimbo moja la Kongo-Central, tuna bahari na tuna Inga, ambayo inaweza kutoa zaidi ya megawati 40.000.

Hapo ndipo penye hatari. Inga 1 ilianza mwaka 1972, Inga 2 mwaka 1982. Waya zake zilikwenda hadi kwenye migodi ya Katanga, zikipita juu ya vijiji visivyo na taa hata moja. Leo hii karibu Mkongomani mmoja tu kati ya watano ndiye anapata umeme. Tukiuzia meli za wageni nishati hiyo huku mama wa Boma au Kinshasa akipika kwa makala, tutakuwa tumerudia kosa lile lile.

Kwa hiyo serikali ifanye mambo matatu wakati ujenzi ungali unaendelea. Itenge eneo la mafuta hayo mbali na makazi, maana amonia ni sumu. Iandike ndani ya kila mkataba wa Inga kiasi cha megawati zitakazokwenda kwa raia. Na mikataba hiyo itangazwe, kila mtu aisome.

Meli zinaweza kungoja zamu yao. Raia wamengoja tangu 1972.