Folda Iliyosawazishwa Si Ghala

CHINI YA MWEMBE
Na Zuhura Maganga

Kompyuta ikitangaza kwamba diski imejaa, wengi wetu hukimbilia kufuta. Mwalimu anaona folda ya OneDrive imekula nafasi kubwa, anajiambia matokeo ya wanafunzi yako salama mtandaoni, anaifuta. Jioni anafungua simu: hakuna kitu.

Simlaumu. Huduma kama OneDrive na Google Drive tumezizoea kama mahali pa kuhifadhi, ilhali kazi yake kuu ni kusawazisha, yaani kuhakikisha kilichomo kwenye kompyuta, kwenye simu na mtandaoni ni kilekile. Ukifuta huku, kule nako kimefutika. Google Drive hukiweka kilichofutwa kwenye pipa kwa siku 30, kisha hukiondoa kabisa.

Sisi wa Tabora tuna historia ya kutufundisha jambo hili. Mwaka 1871, akiwa Nyangwe, katika Kongo ya leo, mpelelezi David Livingstone aliishiwa karatasi, akaandika shajara yake juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa mmea. Baadaye alizinakili habari hizo katika daftari kubwa. Machi 1872, mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipoondoka Kwihara, hapa karibu na Tabora katika eneo la Unyanyembe, kuelekea pwani, alilibeba daftari hilo, na hadi leo wataalamu wanaliita shajara ya Unyanyembe. Kurasa za magazeti nazo zilisalimika, ingawa wino ulififia. Mwaka 2011 watafiti walifanikiwa kuzisoma kwa kuzipiga picha chini ya mianga ya rangi mbalimbali. Waligundua kwamba wakati wa kunakili, Livingstone alibadilisha baadhi ya mambo kuhusu mauaji ya watu aliyoyashuhudia sokoni Nyangwe mwaka huo wa 1871.

Tunayajua hayo kwa sababu maandishi yalikuwa mawili, na kurekebisha moja hakukugusa jingine. Yangekuwa yamesawazishwa, maelezo ya kwanza yangepotea saa ileile alipoyabadilisha.

Basi diski ikijaa, usifute. Kwenye Windows, bofya faili ya OneDrive kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague kuachia nafasi. Jina la faili litabaki likiwa na alama ya wingu, na mzigo wenyewe utakaa mtandaoni. Alama ya tiki ya kijani maana yake faili imo ndani ya kompyuta yako. Unaweza pia kuchagua folda chache tu zishuke kwenye kompyuta, nyingine zikabaki huko. Lakini faili yenye alama ya wingu haifunguki bila bando, kwa hiyo ukienda Sikonge au Kaliua kikazi, shusha unazozihitaji kabla ya kuondoka.

Mtandaoni nako nafasi ina mwisho. Google hutoa gigabaiti 15 za bure kwa barua pepe, picha na faili zote kwa pamoja; OneDrive hutoa 5. Video za harusi zisigombanie nafasi hiyo na mihtasari ya vikao.

Zaidi ya yote, kila shule na kila ofisi ya kata iwe na diski ya nje isiyosawazishwa na chochote. Mtu mmoja akabidhiwe rasmi kazi ya kunakili humo matokeo, mihtasari na hati za ardhi kila mwisho wa mwezi, kisha aichomoe na kuifungia kabatini. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na matokeo ya mtoto yaliyopotea.