Maiti Huyu au Maiti Hii?

Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Usenge, aliniambia majuzi kwamba akifa angependa mwili wake uwekwe katika maonyesho ya umma. Alikuwa amesoma habari za Mjerumani Gunther von Hagens, ambaye mnamo 1977 alibuni mbinu ya kuondoa maji na mafuta mwilini na kutia plastiki badala yake, maiti asioze. Wenzake walicheka. Mimi sikucheka.

Kuutoa mwili ili madaktari wajifunzie ni jambo ninaloliunga mkono, na Sheria ya Anatomia ya Kenya imeliruhusu kwa miaka mingi. Asiyejifunza kwa wafu atajifunza kwa wagonjwa! Lakini darasa si ukumbi wa tiketi. Mwaka 2008, kampuni moja ya maonyesho mjini New York ilikubali kuwatangazia watazamaji kwamba haikuweza kuthibitisha kuwa miili yake haikuwa ya wafungwa wa China. Miili ile haikuwa na majina; nani basi angeulizwa?

Kijana atasema yeye ameridhia kwa hiari yake. Hapa kwetu ziwani hoja hiyo haiishii hapo. Wakili S.M. Otieno alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alisema marehemu alitaka kuzikwa karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ukakataa, nayo Mahakama ya Rufani ikaupa ushindi. Alizikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987. Binafsi naona mjane yule hakutendewa haki. Hata hivyo, pande zote mbili zilipigania kaburi. Maonyesho hayana kaburi.

Wala kumtazama maiti si mwiko kwetu. Oktoba 2025 umati ulifurika Mamboleo, Kisumu, kumuaga Raila Odinga kabla ya kuzikwa Bondo. Hakuna aliyelipa kiingilio, na kila mmoja alijua anamlilia nani.

Sarufi yetu yenyewe husitasita: wapo wasemao “maiti huyu”, wapo wasemao “maiti hii”. Aliyezikwa na watu wake hubaki “huyu”. Aliyesimamishwa ukumbini bila jina, mkononi ameshikizwa mpira, amekwisha kuwa “hii”, hata kama alitia sahihi mwenyewe.

Nilimshauri kijana aende kwanza Usenge akamweleze mama yake. Bado hajaenda.