Njia ya Mkato Ina Mwenyewe

Mwandishi anayewashauri vijana wenye grinikadi wajiunge na jeshi la Marekani, eti ndiyo njia ya mkato ya kupata uraia, amesema nusu ya ukweli. Ni kweli, tangu amri ya Rais Bush ya 2002, askari mhamiaji anaweza kuomba uraia bila kungoja miaka 5 kama wahamiaji wengine. Lakini mwenye kuifungua njia hiyo ndiye mwenye kuifunga. Mpango wa MAVNI, uliobuniwa 2008 kwa wasio na grinikadi wenye ujuzi adimu, wasemaji wa Kiswahili wakiwemo, ulisimamishwa 2016 huku wengine wakiwa wameshasaini mkataba. Mwaka 2017 Pentagon ikadai miezi ya utumishi kwanza ndipo fomu ya N-426, ya kuthibitisha utumishi wa askari anayeomba uraia, itiwe saini. Mahakama ikalifuta sharti hilo 2020.

Mwandishi huyo atajibu kwamba maelfu wamefaulu. Wamefaulu, ila mkataba wa kwanza hubeba wajibu wa miaka 8, ya akiba ikiwemo, na anayefukuzwa kwa aibu kabla ya kutumikia miaka 5 anaweza kuvuliwa uraia huo. Wapo pia maveterani ambao hawakukamilisha maombi, wakatiwa hatiani kwa jinai, wakarudishwa walikozaliwa. Anayeupenda uaskari na aende. Anayetaka pasipoti tu asubiri miaka yake 5. Hiyo haimdai kushika bunduki.