Chupa Moja, Lugha Mbili: Kuhusu Vidonge vya Lishe Viuzwavyo Kware

Katika kamusi, kware ni ndege. Katika kaunti ya Kajiado, Kware ni mtaa wa wapangaji na wachuuzi, uliochipuka katika ardhi ya Wamaasai kadiri Nairobi ilivyozidi kufurika. Ndege huyo naye aliwahi kugeuzwa dawa: mnamo 2013 Wakenya wengi walikimbilia kufuga kware baada ya kuaminishwa kwamba mayai yake hutibu kisukari, shinikizo la damu na takriban kila maradhi yatajikayo. Mwaka uliofuata bei iliporomoka, wafugaji wakabaki na vizimba. Hata hivyo, yai ni chakula, na aliyelinunua alipata walau chakula. Hali ni tofauti kwa vidonge na poda zinazotembezwa leo katika mitaa kama huo, nyumba kwa nyumba, katika vyama vya akina mama na kandokando ya vituo vya matatu, na ambazo sifa yake kuu ni kwamba zina vizuiaoksidishaji.

Muuzaji halitumii neno hilo. Yeye husema kwamba vidonge "vinaondoa sumu", "vinasafisha damu", tena "havina madhara kwa kuwa ni vya asili". Ni Kiswahili chenye taswira na mapigo ya kupendeza, na aliyesomea balagha hawezi kukibeza. Lakini chupa yenyewe ina lugha nyingine. Pembeni, kwa herufi ndogo za Kiingereza, chupa nyingi zitokazo Marekani hubeba onyo linalotakiwa na sheria ya huko ya 1994 kwa bidhaa inayodaiwa kuufaa mwili: kwamba haikusudiwi kutambua, kutibu, kuponya wala kuzuia ugonjwa wowote. Chupa moja, basi, inatamka mambo mawili yanayopingana, na mnunuzi wa Kware husikia lile moja tu.

Si kwamba vizuiaoksidishaji ni hekaya. Parachichi lililokatwa hubadilika rangi likiachwa hewani, na matone ya ndimu hulichelewesha. Mwilini nako, katika kazi ya kukigeuza chakula kuwa nguvu, huzalishwa chembe zisizotulia ziitwazo radikali huru, ambazo zikizidi huharibu seli. Vitamini C, vitamini E na beta-karotini huzikabili, na zote zimo katika sukuma wiki, karoti, maembe na mapera ya sokoni. Kosa huanza pale inapodhaniwa kwamba, maadamu kidogo kinafaa, kingi kitafaa zaidi. Mwili huohuo hutumia radikali huru kuulia vijidudu. Kuzizima zote kungekuwa hasara.

Ushahidi upo, na si wa jana. Nchini Finland, wanaume 29,133 wavutaji sigara walishirikishwa katika utafiti ambamo baadhi yao walipewa beta-karotini. Matokeo yaliyotangazwa 1994 yaliwashtua watafiti wenyewe: waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasioimeza. Utafiti wa Marekani uliofanana na huo ulisitishwa mapema 1996 kwa sababu iyo hiyo. Mwaka 2011 ikabainika kwamba vitamini E kwa kipimo kikubwa iliongeza saratani ya tezi dume kwa asilimia 17. Vitamini E nyingi, aidha, huweza kuzidisha kutokwa na damu kwa mgonjwa anayetumia dawa za kuifanya damu isigande. Ni mchuuzi gani humwuliza mteja wake kama anavuta sigara?

Mfano wa karibu zaidi ni wa Dar es Salaam. Matokeo yaliyochapishwa 2004 yalionyesha kwamba wanawake wenye virusi vya UKIMWI waliopewa vitamini za kundi B, C na E, wakati ambapo ARV zilikuwa adimu, walichelewa kudhoofika. Hiyo ni faida ya kweli na haifai kufichwa. Lakini uchunguzi huohuo ulibaini kwamba vitamini A iliongeza hatari ya mama kumwambukiza mtoto. Baadaye, wagonjwa walioanza ARV jijini humo walipopewa vitamini kwa vipimo vikubwa, utafiti ulisimamishwa 2009 kwa kuwa vipimo vya damu vilionyesha dalili za ini kuathirika. Afrika Kusini, matangazo ya vitamini yaliyanyakua matokeo ya Dar es Salaam yakayageuza kuwa hoja dhidi ya ARV, hata watafiti wakalazimika kukanusha, na mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Cape ikaingilia kati. Sentensi iliyoachwa nje ya tangazo ndiyo iliyokuwa na uhai wa watu ndani yake.

Utetezi wa "asili" nao hausimami. Wamaasai huchemsha magome ya mti uitwao olkiloriti katika mchuzi wa nyama, na magome hayo yana tanini, ambazo nazo ni vizuiaoksidishaji. Huo ni mlo, una mapishi na una kiasi. Kidonge kilichokolezwa kiwandani hakiwezi kuazima heshima ya mchuzi huo kwa kuwa tu jani limechorwa kwenye chupa.

Hapa ndipo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanapohusika, na hawana budi kukubali sehemu yao ya lawama. Neno "dawa" katika Kiswahili lina upana wa ajabu: kuna dawa ya meno, dawa ya mbu, dawa ya mapenzi. Badala ya kulisaidia kwa istilahi zenye mipaka, soko limeachiwa libuni "tiba lishe" na "dawa lishe", maneno yenye mguu mmoja hospitalini na mwingine jikoni. Hata istilahi "kiondoasumu", ambayo wengine huipendelea kwa wepesi wake, inatoa ahadi kabla ya kueleza chochote. "Kizuiaoksidishaji" ni neno zito mdomoni, kweli, ila halimdanganyi mtu. Tasnifu juu ya lugha ya matangazo zimeandikwa nyingi; nyingi huishia kuhesabu sitiari.

Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi ya Kenya. Ingelikuwa jambo dogo kwa idara za Kiswahili kushirikiana na wafamasia kulitafsiri lile onyo la pembeni, kisha kuidai serikali ilichapishe kwa herufi zinazosomeka. Kwa sasa, mama mwenye shinikizo la damu anayeshika chupa hiyo ana maswali mawili, nayo ni ya Kiswahili: avimeze vingapi, na je, vile vya kliniki aviache? Anayesimama mbele yake kumjibu ni yule anayemuuzia.